Faulo Iliyozidi

Sura ya tisa ilikuwa na aya saba, na mimi nilikwama kwenye ya nne.

Jumatano ile nilikuwa kwenye meza ya jikoni, nyumbani kwangu Tunduma, nikinyoosha Kiswahili cha watu wengine. Ndiyo kazi niliyobaki nayo tangu nirudi huku na shahada mbili na mgongo mbovu. Klabu moja ya mpira wa kikapu ya Dar es Salaam ilikuwa inaandaa kitabu cha historia yake. Wajumbe wa kamati walikuwa wamegawana sura, kila mmoja akaandika yake, na kila mmoja akatokea kuwa shujaa wa sura aliyoiandika. Kazi yangu ilikuwa kukifanya kitabu kionekane kimeandikwa na mtu mmoja mwenye akili timamu. Malipo yalikuwa madogo, lakini jina langu lingekaa kwenye jalada. Sitaficha kwamba nilishaliona pale, tena kwa herufi za dhahabu.

Aya ya nne ilisema kwamba ubingwa ule mkubwa ulipotea kwa sababu nahodha wa wakati huo alifanya faulo ya tano kwa makusudi, sekunde chache kabla ya mwisho, ili atolewe uwanjani. Ilisema alikuwa amenunuliwa na wapinzani.

Nahodha huyo anaishi Chapwa, dakika kumi kwa bodaboda kutoka jikoni kwangu. Na ile faulo ya tano niliiandika mimi. Hakuifanya. Alifanya nne.

Chini ya sura ile kulikuwa na ujumbe wa sauti wa mwenyekiti wa klabu. Kitabu kinaingia kwa mchapaji Jumamosi saa sita mchana, alisema, na mjumbe mmoja mwenye elimu ya sheria ameshauri nahodha asikilizwe kwanza. "Wewe uko huko huko kwao. Nenda kamsikilize, mpe mistari yake miwili tuiweke pale chini. Tusije tukaambiwa tumemwonea."

Nilizima simu, nikaiwasha, nikausikiliza ujumbe tena, kana kwamba mara ya pili ungekuwa umetumwa kwa mtu mwingine.

Niseme jinsi tulivyofika hapo.

Klabu ilianza na kipande cha nondo. Makarani wa bandarini na walimu wawili wa sekondari walimpa fundi nondo, akaikunja ikawa pete, wakaichomelea kwenye bomba nyuma ya bohari. Pete haikutoka duara. Ilikuwa na tumbo upande wa kushoto, na kwa miaka mingi wachezaji wa klabu ile walijulikana jijini kote kwa mipira iliyopinda kidogo kushoto. Uwanja ulikuwa wa saruji, umeinamia kwenye mtaro. Timu ngeni zilipoulizwa zinataka upande gani, hazikujua kwamba zinachagua kati ya kupanda na kushuka. Mambo haya niliyaandika kwa raha. Sura ya kwanza mpaka ya nane zilinifanya nijione mtu wa maana.

Baadaye alipatikana mfadhili, klabu ikajiita ya kulipwa, ikahamia kwenye ukumbi wenye sakafu ya mbao na saa ya umeme. Kitu ambacho mfadhili hakukiongeza ni jezi. Klabu ilikuwa na seti moja, jezi kumi na mbili za bluu, na desturi iliyotoka kule nyuma ya bohari: jezi ni ya timu, si ya mtu. Mchezaji akichaniwa jezi katikati ya mchezo, aliyekaa benchi alivua yake akampa, akabaki na fulana ya ndani mpaka ile nyingine ishonwe au ikauke. Timu nyingine zilicheka. Sisi tuliuita moyo wa klabu. Kwenye sura ya tano nimeusifu moyo huo kurasa mbili nzima, bila haya.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Nilitaka kucheza. Kocha alinitazama wiki mbili, kisha akaniuliza kwa upole kama nina mwandiko mzuri. Hivyo nikawa karani wa meza. Karani anakaa pembeni ya uwanja na karatasi ya mchezo, anaandika kila kikapu na kila faulo. Kila mchezaji ana mstari wake wenye namba ya jezi yake, na mwisho wa mstari kuna vyumba vitano vidogo. Faulo moja, chumba kimoja. Vitano vikijaa, mchezaji anatoka na harudi tena mchezoni.

Nahodha alikuwa na miaka saba zaidi yangu. Alizaliwa Hasamba, mimi kijiji cha jirani, na jijini kule, katikati ya watu wa pwani waliotucheka lafudhi, aliniita mdogo wangu. Alipopita mbele ya meza alininong'oneza Kinyiha, lugha ya kwetu, mara nyingi matusi mepesi kuhusu mwamuzi, nami nilijikaza nisicheke. Nilikuwa na fahari kubwa sana na urafiki ule. Labda ndiyo sababu siku ya fainali, karani aliyepangwa alipougua na watu wakatafuta mbadala, nilinyoosha mkono haraka kuliko ilivyostahili.

Robo ya tatu, nahodha alipigwa kiwiko juu ya jicho. Damu ilimwagika kwenye jezi yake, namba saba. Sheria hairuhusu jezi yenye damu. Wakamfunga plasta, na kwa desturi yetu mchezaji wa akiba, kijana mmoja mwembamba ambaye hakuwa ameingia mchezo mzima, akavua jezi yake namba kumi na mbili akampa. Kocha akaniambia saba sasa ni kumi na mbili. Nikaandika pembeni ya karatasi, kwa mwandiko wangu mzuri: nahodha sasa ni kumi na mbili.

Mtu mmoja aliipeleka ile saba bombani, akaifua, akaikamua. Dakika chache baadaye mwenzetu mmoja akachoka, kocha akamwita yule mwembamba, na kwa kuwa hapakuwa na jezi nyingine, akavishwa saba ikiwa inadondoka maji. Akaingia. Akamshika mpinzani mkono. Mwamuzi akaniinulia vidole: saba. Nami nikaenda moja kwa moja kwenye mstari wa saba, nikajaza chumba.

Mstari wa saba ulikuwa bado wa nahodha.

Kijana yule mwembamba alitolewa baada ya dakika mbili, hakuonekana tena mchezoni. Ndiye mwenyekiti wa klabu leo.

Zilibaki sekunde kama ishirini. Tulikuwa mbele kwa pointi moja. Wapinzani walipata mpira na mtu wao mwepesi akaanza kukimbia peke yake. Nahodha akamkata katikati ya uwanja, akamshika kiuno waziwazi, mbali kabisa na pete. Ukumbi mzima uliona. Mwamuzi akaniashiria kumi na mbili, nikaangalia maandishi yangu ya pembeni, nikapanda kwenye mstari wa saba, nikajaza chumba kilichobaki. Vilikuwa vimejaa vyote.

Mwamuzi alikuja mezani. "Karani, ya ngapi hiyo?"

"Ya tano."

Nahodha akanitazama, akatoka. Hakubisha. Bila yeye wapinzani walifunga, tukapoteza kwa pointi moja, na kutobisha kwake kukawa ushahidi. Mtu anafanya faulo ya kijinga katikati ya uwanja, anatolewa, hafungui hata mdomo? Kufika Jumatatu kila mtu alijua bei aliyonunuliwa, kila mtu na bei yake. Kufika Ijumaa klabu ilikuwa imemfukuza na picha yake imeondolewa ukutani.

Mimi nilijua siku ile ile. Nilipokuwa nachana nakala, niliupitia ule mstari, nikakumbuka jezi inayodondoka maji. Nakala ya njano, ya timu iliyoshindwa, ilitakiwa kwenda kwa kocha. Kocha alikuwa anapiga ukuta ngumi. Nikaikunja nikaitia kwenye soksi. Nilijiambia nitasema Jumatatu, mambo yakipoa. Jumatatu mambo hayakupoa. Jumanne nilikuwa na mtihani. Unaweza kushangaa mtu mmoja anavyoweza kuwa na mitihani mingi maishani.

Nahodha alirudi huku kwetu. Nilisikia yuko machimboni upande wa Mkwajuni, mtu wa urefu ule ndani ya shimo la dhahabu, anachimba amepiga magoti. Baadaye akaja Tunduma, akawa fundi wa maturubai ya malori. Dereva mmoja wa kutoka Dar, mpenzi wa mpira wa kikapu, alimtambua na akawasimulia wenzake. Tangu hapo barabara nzima ya malori inamwita Faulo Tano. Na mimi niliporudi nyumbani, katika miaka miwili nilionana naye mara mbili tu, zote msibani, na mara zote nilitafuta kiti upande wa pili wa turubai.

Alhamisi sikwenda. Nilisafisha tangi la maji. Ijumaa niliketi kwenye bodaboda mpaka mwanzo wa Chapwa, nikamwambia dereva ageuze, nimesahau kitu. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeisahau nakala ya njano kwenye sanduku la vyeti, na nilikuwa nimeisahau kwa kujitahidi.

Jumamosi saa nne na nusu nilifika nikiwa nayo kwenye mfuko wa shati.

Foleni ya malori ya mpakani ilikuwa imefika mpaka pale na kupita. Nahodha alikuwa kando ya barabara, ameketi katikati ya turubai la kijani lenye ukubwa wa ua wangu, miguu ameikunja chini yake kama kiti kilichofungwa vibaya. Mkononi alikuwa na shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia. Mke wake, mama mnene mwenye asili ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alikuwa amevuta pindo la turubai kwa nguvu ili mshono usilegee. Kando yao dereva wa lori alikuwa amesimama na mswaki mdomoni.

"Faulo Tano, baba, changamsha mkono! Mbele wameanza kusogea!"

"Wiki nzima umelala hapa, foleni umeiona leo," nahodha alimjibu bila kuinua kichwa. "Ukitaka mvua ikunyeshee mbolea mpaka Kongo, chukua turubai lako uende."

"Mshono mmoja tu, mzee, unaushona kama gauni la bibi harusi."

"Kwa hiyo bibi harusi ni wewe."

Mama akacheka, akaniona. "Karibu, mukwai," alisema, kwa heshima ya upande wao. "Baba, mgeni."

"Shikamoo, kaka."

Nahodha aliinua uso. Kovu lilikuwa bado pale juu ya jicho. "Marahaba. Msomi! Nimeambiwa utakuja. Nilikungoja juzi, nikakungoja jana." Mwenzake mmoja wa zamani alikuwa amempigia simu kumweleza habari za kitabu. "Ni kweli wananiweka?"

"Wanakuweka."

"Wamesema niliuza?"

Niliinamia mshono wa lile turubai. Mama aliachia pindo la turubai.

"Shemeji," alisema, "mwanangu mkubwa aliulizwa jambo hili kwenye kikao cha posa yake. Mbele ya wakwe. 'Baba yako si ndiye yule aliyeuza?' Tukasema maneno ya barabarani. Sasa yakiandikwa kwenye kitabu tutasema ya wapi?"

"Ndiyo maana nimeandaa," nahodha alisema. Akafuta mikono kwenye suruali, akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, akaishika mbali na macho ili aone. "Mnataka mistari miwili, sivyo? Sikiliza kama Kiswahili kimekaa. 'Mimi sikuuza mechi. Nilikata mbio za yule mtu nikijua nina faulo tatu, ili hiyo iwe ya nne na wao waanze upya kutoka pembeni. Kumbe nilikuwa nimehesabu vibaya kwa sababu ya kupigwa kichwani. Naomba radhi kwa klabu kwa kosa la hesabu.'" Akaniangalia. "Imekuwa mistari mitatu. Punguza unapoona panafaa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Kwa mtu anayeomba radhi sikuwa nimejiandaa hata kidogo.

"Usiombe radhi," nilisema.

"Kwa nini? Kosa ni kosa. Miaka yote hii nikianza kuhesabu mishono, nahesabu mara mbili. Muulize mama. Tangu siku ile sikiamini kichwa changu."

"Hukukosea, kaka. Zilikuwa tatu. Ile ilikuwa ya nne." Nilitoa nakala ya njano. "Nilikosea mimi."

Nilimwonyesha. Haikuchukua muda. Maandishi ya pembeni, chumba cha robo ya tatu, saba iliyolowa maji. Alipiga magoti juu ya turubai lake, akaweka kidole kikubwa kwenye mstari wake, akahesabu kimya, akarudia. Lori moja lilipiga honi, hakusikia. Kisha akamgeukia mkewe, si mimi.

"Mama. Tatu. Nilikwambia nilikuwa na tatu."

"Ulisema," mama alisema. "Ulisema tangu tunaoana." Halafu akanigeukia. "Na wewe karatasi hii ulikuwa nayo wapi?"

"Sandukuni."

"Sandukuni." Alilirudia neno hilo polepole, kama mtu anayekagua noti bandia. "Tunduma hii? Dakika kumi kutoka hapa?"

Dereva alikuwa ametoa mswaki mdomoni.

Nahodha hakupiga kelele. Aliniuliza tu ni saa ngapi. Nikamwambia saa tano na dakika kumi. "Mpigie mwenyekiti wako," alisema. "Weka sauti, tusikie wote."

Mwenyekiti alipokea kabla simu haijaita mara ya pili. "Msomi! Umempata? Mchapaji ananipigia kila dakika tano."

"Niko naye. Aya ya nne si kweli."

"Hilo tulijua atalisema."

"Nalisema mimi. Nina nakala ya njano hapa." Nikamweleza. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa, ndivyo ninavyokuwa nikiogopa. "Robo ya tatu, namba saba ilifanya faulo. Nahodha alikuwa ameshavaa kumi na mbili. Saba alivaa nani?"

Nilisikia mashine za mchapaji nyuma yake.

"Ndugu yangu," alisema, "umekaa na swali hilo miaka yote, unakuja kuniuliza leo, saa tano?"

Nahodha aliinama kwenye simu. "Mdogo wangu. Ni mimi. Saba alivaa nani?"

"Shikamoo, kapteni."

"Marahaba. Saba alivaa nani?"

"Nilivaa mimi," mwenyekiti akasema. "Ilikuwa imelowa. Ilikuwa ya baridi mgongoni, mpaka leo naikumbuka. Nilimshika yule mfupi wao mkono."

"Ulijua?"

"Nilijua nimefanya faulo. Imeandikwa wapi sikujua. Sikuuliza."

"Hukuuliza!" Mama alipiga makofi mara moja. "Watu wazima, jamani!"

"Sikilizeni," mwenyekiti alisema haraka, "kuna njia nyepesi. Tuifute aya. Sura ina aya saba, zitabaki sita. Mechi ilichezwa, tulishindwa, basi. Hakuna atakayeumia."

Niliona njia ile ilivyo nzuri. Nitasema ukweli wote: nilifurahi. Jalada langu lilibaki mahali pake, nahodha hatatukanwa, na mimi sitatajwa. Nilifungua mdomo kukubali.

"Mkifuta," nahodha alisema, "watu watabaki na kile walichokisikia. Huyu hapa," akamwonyesha dereva kwa shazia, "ataendelea kuniita hivyo mpaka Lubumbashi. Usifute. Andika."

"Kapteni, tukiandika, msomi hawezi kubaki kwenye jalada. Kamati haitakubali mtu aliyeharibu mchezo ndiye aandike historia yake. Naye anajua."

Nahodha na mkewe walinitazama. Dereva naye.

Ningependa kuandika kwamba sikusita. Nilisita kwa muda uliotosha lori la mbele yetu kuwashwa, kusogea hatua mbili na kuzimwa. Nikasema, "Toa jina."

"Basi nitumieni aya kabla ya saa sita," mwenyekiti alisema. "Ikipita hapo, mashine inaingia na iliyopo."

Nikaketi pembeni ya turubai nikaanza kuchapa kwenye simu. Vidole vyangu, ambavyo vimezoea kuandika sentensi zenye mapambo, vilileta sentensi zenye mapambo. Niliandika kwamba katika purukushani za kubadilishana jezi karani alichanganywa na namba, na kwamba faulo ya mchezaji mwingine iliingia kwenye mstari wa nahodha. Nikawasomea.

"'Alichanganywa,'" mama alisema. "Nani alimchanganya?"

Nikabadili. Karani alikosea.

"Karani ana jina la cheo tu?" nahodha aliuliza. "Andika, mimi niliyeandika kitabu hiki ndimi niliyekuwa karani."

Nikaandika. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini.

"Na pale nilipokuuliza?" alisema.

"Uliponiuliza nini?"

Aliweka shazia chini. "Usinifanyie hivyo, mdogo wangu. Mwamuzi alipogeuka, nilikuja mezani. Nikainama hapa," akagusa bega langu, mara ya kwanza tangu nifike, "nikakuuliza Kinyiha, wasisikie wengine: una hakika? Ukasema ndiyo. Ndiyo maana nikatoka. Sikutoka kwa sababu ya mwamuzi."

Hapo juu nimeandika kwamba alinitazama, akatoka. Ndivyo nilivyokuwa nikijisimulia, na nimeliacha lilivyo ili msomaji aone nilivyozoea. Lakini aliposema, nililisikia: sauti yake karibu na sikio, pumzi yake nzito, harufu ya plasta. Aliuliza. Na nilipojibu nilikuwa nimeshatilia shaka kile chumba cha robo ya tatu; ile jezi ilikuwa imedondoshea maji mbele ya meza yangu, sakafu ilikuwa bado inang'aa. Ningeweza kusema ngoja kidogo, nihesabu. Lakini mwamuzi alikuwa amegeuka, watu elfu wanapiga kelele, na mimi nilikuwa kijana mwenye mwandiko mzuri ambaye hakutaka kuonekana hajui kazi yake.

"Ni kweli," nilisema. "Uliniuliza."

"Kwa Kinyiha," alisema. "Nikaona, huyu ni wa nyumbani, hawezi."

Dereva aliangalia foleni, kisha akajifanya anakagua tairi.

Nikafuta aya yote nikaanza upya. Sikumbuki kama niliwahi kuandika kitu kifupi hivi. Kwamba nahodha alikuwa na faulo nne. Kwamba ya kuzidi ilikuwa ya mchezaji mwingine aliyevaa jezi yake iliyofuliwa. Kwamba mimi, karani, niliiandika vibaya, na kwamba nahodha aliponiuliza kama nina hakika, nilisema ndiyo wakati sikuwa nayo. Kwamba nilijua siku hiyo hiyo na nikanyamaza. Kwamba hakuuza.

Niliisoma kwa sauti. Mama alitaka neno "hakuuza" liwe la kwanza, nikalihamisha. Nahodha alitaka isomwe tena, polepole. Nikasoma tena. Dereva alikuwa ameacha tairi, amesimama nyuma yangu kabisa.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "mimi lile jina nilipewa tu. Nililikuta barabarani."

"Najua," nahodha alisema. "Tuma."

Nikatuma. Saa sita kasoro dakika nane. Tulikaa tukiitazama simu juu ya turubai kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Mtandao wa pale mpakani una tabia ya kuhamia Zambia bila kuaga; mara ujumbe ukaonekana haujaenda, mama akaniamuru nisimame niinue mkono, nikasimama pale kando ya barabara kuu nimeinua simu juu ya kichwa, na makuli waliokuwa juu ya lori jirani wakaniuliza kama nasalimia ndege. Ikaenda. Mwenyekiti akajibu saa sita kasoro dakika mbili: imepokelewa, inaingia kama ilivyo, jina limetoka jaladani. Halafu ujumbe wa pili, umeandikwa kwa nahodha, ukiomba kama anaweza kupigiwa jioni, picha yake ya zamani wanayo bado stoo.

Nilimsomea. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya uzi. Hakutabasamu. Alichukua ile karatasi yake ya daftari yenye kuomba radhi, akaichana katikati, akaweka vipande mfukoni. Nakala ya njano alimpa mkewe, naye akaiingiza kifuani bila kunitazama.

Mbele yetu injini ziliwaka moja baada ya nyingine. Foleni ilikuwa inasogea kweli sasa. Dereva alipanda nusu ya ngazi ya lori lake, akashuka, akasema kwa adabu mpya kabisa, "Mzee, ikiwezekana, mshono."

Nahodha aliokota shazia, akapitisha uzi, akatafuta mahali alipoishia. Pindo lilikuwa limelegea. Niliinama nikalishika, nikalivuta kama nilivyoona mama akifanya.

"Acha," alisema. "Mama atashika."